Mwalimu wa Jumamosi na Mawe Wanaosema

Jengo zima lilimwita Mwalimu. Hata Wafilipino wa ghorofa ya juu, ambao hawakujua neno lolote jingine la Kiswahili, walimwita hivyo wakidhani ndilo jina lililoandikwa kwenye pasi yake. Yeye aliitika tu. Siku moja nilimuuliza kama haimsumbui kwamba miaka yote hii hakuna jirani anayemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Akasema, "Lile mama yangu alilitumia kuniitia chakula. Hili nimelifanyia kazi." Basi na mimi sitalitaja.

Mara ya kwanza alipozungumza nami alinisahihisha. Nilikuwa kwenye lifti, naongea na mke wangu kwa simu, nikamwambia gari yangu iko nyuma ya jengo. Nilipokata simu, mama mmoja aliyesimama pembeni, koti la baridi limefunguliwa vifungo vyote na mkoba umening'inia mkononi, akasema huku anatazama mlango, "Gari langu liko."

Nikadhani ananieleza habari za gari lake. Nikamuuliza liko wapi.

"Mimi sina gari," akasema. "Nasema la kwako. Gari langu liko nyuma ya jengo. Wewe Mkenya?"

"Ndiyo. Wa Nakuru."

"Basi kosa si lako peke yako."

Mlango ukafunguka, akatoka. Wiki iliyofuata tulikutana tena palepale, nikamsalimia, "Habari yako, mama." Hakujibu. Akanisubiri mpaka nikakumbuka kwamba Watanzania wana salamu yao kwa wakubwa. "Shikamoo, Mwalimu." Akasema marahaba, akaniuliza watoto wangapi. Nikamwambia mmoja, binti, Neema. Tangu siku hiyo hadi leo, kwake mimi ni Baba Neema.

Alikuwa amestaafu kufundisha shule za msingi huko Iringa. Alikuja Toronto kwa mwanawe, halafu mwanawe akapata kazi magharibi mwa nchi, yeye akakataa kuhama. Alisema amechoka kujifunza namba za mabasi. Akabaki Scarborough, upande wa mashariki wa mji, kwenye nyumba ya chumba kimoja iliyotazama maegesho ya magari na duka la viazi vya kukaanga.

Watu wengi kutoka kwetu hulalamikia baridi kama kazi ya pili. Mwalimu aliipenda. Januari, wakati sisi tumejifunga nguo kama mizigo, yeye alifungua dirisha la jikoni akapika mbele yake. Alisema joto la mabomba linamfanya afikiri polepole. Lakini mtu huyuhuyu aliyecheza na theluji aliogopa ngazi za umeme. Kwenye stesheni za treni ya chini ya ardhi alizunguka jengo zima kutafuta lifti, na kama lifti ni mbovu alipanda ngazi za kawaida, akipumzika kila baada ya hatua chache, na asiruhusu mtu amshike mkono. Ngazi inayotembea yenyewe, alisema, haijamuuliza kama yuko tayari.

Ila milango ya ofisi hakuiogopa kabisa. Aligonga mlango wowote. Hivyo ndivyo alivyokipata chumba cha mikutano cha ghorofa ya chini kila Jumamosi asubuhi, bure, kwa ajili ya darasa la Kiswahili. Meneja wa jengo aliniambia baadaye kwamba hakukumbuka kukubali. Anachokumbuka ni kwamba yule mama alikaa kwenye kiti mbele yake, akaeleza anachotaka, kisha akanyamaza na kumtazama kwa upole mpaka ufunguo ukatoka.

Kunyamaza ndiyo ilikuwa silaha yake hata darasani. Watoto wetu, kama mnavyowajua wa huku, wanasikia kila kitu lakini wanajibu kwa Kiingereza. Mimi nyumbani nilikuwa nagomba. Mwalimu hakugomba. Neema alipomjibu kwa Kiingereza, alimwambia, "Nimekusikia. Sasa niambie." Kisha akangoja, mikono juu ya meza, kama mtu aliye kituoni anayejua basi litafika tu. Watoto wengine walilia kwa kungojwa. Lakini hata mmoja wao hakuchekwa, na aliyemcheka mwenzake alitolewa nje ya chumba, asimame kwenye korido.

Pamoja na hayo, darasa lilikuwa linakufa. Tulianza na watoto wengi, wa Kitanzania, wa Kenya, wa Kongo, na wajukuu wa bibi mmoja wa Kihindi mzaliwa wa Tanga aliyewaleta kwa gari kutoka Thornhill, kaskazini ya mji. Kufikia majira ya kupukutika kwa majani, wengi walikuwa wanachelewa, na wengine hawaji kabisa. Mwalimu akawa anataka kujua sababu. Neema akamwambia ukweli, kwa sababu kwa Mwalimu mtoto asingeweza kufanya vingine: saa ile ya darasa ndiyo saa ya katuni.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu hakufungua darasa. Alibisha mlango wetu. Mke wangu akamkaribisha kiti, akakataa, akatazama kipindi kizima akiwa amesimama, mkoba mkononi, kama mkaguzi wa shule. Nami nilikaa nikingoja aizime televisheni yangu.

Katuni yenyewe ilitengenezwa hapa hapa Toronto. Ilikuwa inasimulia historia iliyochukua njia nyingine. Meli za wageni zilifika kwenye nchi hii kama zilivyofika, lakini wenyeji wa asili waliwapa wale wageni masharti ufukoni, wageni wakaapa, na kiapo kikashikwa. Hakuna aliyenyang'anywa ardhi. Hakuna mtoto aliyechukuliwa kwao kwa nguvu kupelekwa shule ya bweni. Mji kando ya ziwa ulikuwa na majumba marefu na treni zinazosukumwa na maji, na watu wa kila rangi waliishi humo chini ya baraza la wenyeji. Shujaa wake alikuwa msichana wa Kianishinaabe, watu wa asili wa maziwa haya, jina lake Waaseyaa. Aliweza kuamuru maji yainuke. Zaidi ya hayo, aliposhika jiwe, jiwe lilimwambia yaliyotokea mahali pale. Adui yake alikuwa tajiri aliyekuwa anang'oa mawe ziwani usiku na mchana, kwa sababu mawe yalikuwa mashahidi wa kiapo, na yakiisha hakuna atakayekumbuka nani aliahidi nini.

Kipindi kilipoisha Mwalimu alimgeukia Neema. "Wageni wangalivunja kiapo, ingalikuwaje?"

Neema akajibu kwa Kiingereza kwamba basi ingekuwa kama ilivyo sasa.

"Nimekusikia," Mwalimu akasema. "Sasa niambie."

Binti yangu akafikiri kwa muda mrefu. Akasema kwa Kiswahili, "Wangalivunja, Waaseyaa angalikuwa hana mji."

Nilikuwa nimekaa pale pale, na sikumbuki kama mimi mwenyewe nimewahi kulitumia lile 'ngali' bila kufikiri. Mwalimu akakaa kwenye kiti hatimaye, akaomba chai.

Wazo lake lilikuwa rahisi kulieleza, gumu kulitekeleza. Watoto wangeionyesha katuni ile ukutani, sauti imezimwa, nao wangesema maneno yote kwa Kiswahili papo hapo. Mimi nilikuwa naendesha gari la kusambaza mikate siku za kazi, na Jumapili nilisimamia mitambo ya sauti kanisani, kwa hiyo hakuniuliza kama nitasaidia. Alinipangia zamu. Lakini hakutaka mtoto aseme hata neno moja kabla ya kupata ruhusa ya mwenye hadithi. Neema akaiandikia barua pepe studio iliyoitengeneza katuni, kwa niaba ya Mwalimu. Studio ikajibu kwa adabu kwamba haki ziko kwa wasambazaji. Wasambazaji hawakujibu.

"Basi twende," akasema.

Tulikwenda na gari langu la mikate nilipomaliza mzunguko wa mchana. Nilimuuliza kama tubebe kitu, maandazi labda. Akasema mtu anayekwenda kuomba kilicho cha mwenzake asitangulize vitafunio. Studio ilikuwa katika jengo la zamani la kiwanda, upande wa magharibi wa mji, na mtunzi wa katuni alitoka mwenyewe kutuona, nadhani kwa udadisi tu. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mwanishinaabe, nywele fupi, vidole vimechafuka wino. Mwalimu akamweleza kwa Kiingereza chake cha polepole kisicho na kosa.

Mtunzi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kwa nini hadithi yangu? Ninyi mna za kwenu nyingi."

"Tunazo," Mwalimu akasema. "Watoto wangu wanaziheshimu kama picha ya babu ukutani. Hii ya kwako wanaikimbilia."

Mtunzi akacheka kidogo. Halafu akasimulia, bila kuulizwa, kwa nini aliitengeneza. Mama yake alichukuliwa akiwa mdogo kwenda shule ya bweni, na kila aliposema neno la kwao aliadhibiwa, mpaka akajifunza kunyamaza. Alipozaa, hakuwafundisha watoto wake ile lugha kwa kuogopa yatawapata yaleyale. Mtunzi alikuja kujifunza ukubwani, darasani, kwa shida. Katuni ilikuwa njia yake ya kumpa mama yake utoto ambao haukukatizwa.

Nilitegemea Mwalimu aseme pole, tuendelee. Badala yake aliweka mkoba wake sakafuni, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Akasema, "Lazima nikueleze kitu kabla hujanijibu. Nilikotoka mimi, nilipokuwa kijana, tulitaka watoto wote waseme Kiswahili. Mtoto akisema Kihehe darasani nilimvisha kibao shingoni ashinde nacho. Kihehe ni lugha yangu na mimi. Nilikuwa namvisha kibao kwa lugha ya mama yangu."

Vijana waliokuwa wanachora kwenye meza za nyuma waliacha kuchora. Mtunzi aliangalia dirishani. Mimi nilikwisha kuona tunarudi nyumbani mikono mitupu, na moyoni nilimlaumu Mwalimu kwa kusema lisilotakiwa kusemwa.

"Mtoto huyo yuko wapi?" mtunzi akauliza.

"Walikuwa wengi. Sijui walipo."

Mtunzi akafuta wino vidoleni. Kisha akasema, "Walete watoto wako wa sasa niwaone."

Tuliwapeleka kwa basi, kundi zima, mimi na yule bibi wa Tanga tukifuata nyuma kwa magari yetu. Mtunzi aliwaonyesha jinsi picha zinavyochorwa moja baada ya nyingine. Aliwapa ruhusa yake mwenyewe, kwa maonyesho ya kusema papo hapo tu, bila kurekodi, kwa kuwa kurekodi kulikuwa nje ya uwezo wake. Na alitaja masharti. Maneno ya Kianishinaabe yaliyomo yabaki kama yalivyo, na watoto wayatamke sawasawa. La pili lilihusu mawe. Alisema katika lugha yao vitu vimegawanyika, vyenye uhai upande huu na visivyo na uhai upande ule, na maneno yote ya sentensi hufuata mgawanyo huo. Jiwe liko upande wa wenye uhai. Akaomba kama Kiswahili kina namna ya kulionyesha hilo, tuitumie.

Kurudi, Mwalimu alipanda gari langu. Alisogeza midomo kama anayekariri, mataa baada ya mataa. Karibu tufike akasema, "Jiwe anasema."

"Linasema," nikamwambia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsahihisha.

"Kwetu linasema. Kwake anasema. Na hadithi ni yake." Akatazama nje. "Jiwe anasema. Mawe wanasema. Mawe wamekumbuka."

Wasiomjua hawawezi kuelewa ilimgharimu nini. Huyu ni mtu aliyewahi kurudisha kadi ya harusi kwa wenye harusi, ameiwekea alama nyekundu. Sasa aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kurasa kwa kurasa, mawe walio chini ya ziwa, mawe wenye kumbukumbu, na kila alipofika hapo niliiona kalamu yake ikisita.

Hakuwa mtu mwepisi wa kufanya naye kazi. Aligombana na bibi wa Tanga kwa sababu ya neno moja. Bibi huyo alikuwa na Kiswahili kitamu kuliko sisi sote, cha mtu aliyelelewa nacho dukani na barazani, na tulikuwa tumempa sauti ya Jiwe. Mwalimu alitaka waliyoapishana wageni na wenyeji yaitwe mkataba. Bibi akasema, "Mwalimu, mkataba ni wa kupanga nyumba. Mtu haulilii." Mwalimu akapendekeza agano. Bibi akasema agano ni la kanisani, na yeye ni Mwislamu, na Jiwe wake pia. Alitaka iwe ahadi. Wakanuniana kwa wiki kadhaa. Waliendelea kuja kwenye mazoezi, wakakaa meza moja, wakazungumza kupitia kwa Neema. "Mwambie Mwalimu kalamu yake imeanguka." "Mwambie Bibi asante." Mwishowe Mwalimu aliingia darasani akaandika ubaoni AHADI, akawaambia watoto, "Neno hili ni la Bibi. Ni zuri kuliko langu." Akaendelea na somo. Hakuongeza hata salamu.

Matamshi nayo yalikuwa vita. Jina la msichana lina irabu ndefu, Waaseyaa, na watoto walilikata wakasema Waseya. Mwalimu aliandika ubaoni kufa na kufaa. "Mnaona? Herufi moja tu, mmoja amekufa, mwingine ana faida." Watoto walicheka, na kwa miezi mingi baadaye, nyumbani kwetu, chakula kikiungua Neema alisema hakifai, kimekufa.

Jumuiya yetu ilikuwa na sherehe yake ya mwaka, na watoto wa darasa la Jumamosi walikuwa wamepangiwa kucheza ngoma. Mwalimu akaomba nafasi hiyo iwe ya katuni. Katibu wa jumuiya, bwana mmoja wa Dar es Salaam, msomi, mtu mzuri, alikuja hadi kwenye chumba chetu cha ghorofa ya chini akiwa na wasiwasi. Alikaa akasikiliza mazoezi. Kisha akasema, "Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini kwanza, hiyo si yetu. Na pili, watoto hawa hata ngeli hawajazishika, nawe unawafundisha mawe wanasema. Tena wewe, kati ya watu wote."

"Ni kosa nililolichagua," Mwalimu akasema. "Watoto wanajua nimelichagua, na wanajua kwa nini. Muulize yeyote."

Katibu akamuuliza mjukuu wa bibi wa Tanga, aliyekuwa karibu naye. Mtoto akasema kwa Kiswahili cha kusuasua kwamba jiwe ni ngeli ya li na ya, lakini kwa Waaseyaa jiwe ni mtu, na sisi tuko nyumbani kwao Waaseyaa.

Katibu alimtazama yule mtoto, akatazama sakafu. Hakusema amekubali. Alitupa muda wa baada ya chakula, wakati watu wanatafuta makoti yao. Mwalimu akamshukuru kana kwamba amepewa saa ya rais.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa, na kama tulivyotegemea, baada ya pilau watu walianza kunyanyuka. Nilizima taa, nikawasha picha ukutani, sauti yake nimeifunga. Watoto walisimama pembeni kwenye vipaza sauti, makaratasi mikononi. Mtunzi alikuwa amekuja, amekaa mbele na bibi mmoja mdogo wa umbo, mwenye kilemba cha sufi. Alikuwa mama yake.

Waaseyaa akaonekana chini ya ziwa, mkono juu ya jiwe. Neema akasema, "Jiwe, wewe ulikuwapo. Waliahidi nini?"

Na bibi wa Tanga, kwa sauti yake ya chini, akajibu, "Nilikuwapo. Waliapa wakiwa wamesimama juu yangu. Niliwasikia mpaka vidole vya miguu."

Watu waliokwisha kuvaa makoti walisimama walipo. Mwanaume mmoja alikaa chini taratibu, koti mwilini.

Shida ilitokea karibu na mwisho. Yule tajiri anakuja na mashine zake, Waaseyaa anamzuia, na hapo kuna maneno marefu ambayo Mwalimu alikuwa ameyapamba vizuri. Neema alipogeuza karatasi, ikateleza ikaanguka chini ya meza yangu ya mitambo. Picha ukutani haisubiri mtu. Mdomo wa Waaseyaa ulikuwa umekwisha kufunguka, na ukumbi kimya. Nilimwona binti yangu anamtazama Mwalimu. Mwalimu hakumpa ishara yoyote. Alimngoja tu, mikono mbele yake, kama Jumamosi zote.

Neema akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Akasema, "Wewe. Wacha hao mawe. Hao si wako, ni wa kwetu. Walikuwa hapa kabla ya nyanya yangu, na watakuwa hapa nikizeeka. Toa mashine yako."

Halikuwamo hata neno moja lililoandikwa. Nilikuwa nimeshika vitufe vya sauti, na sikuviona tena kwa sababu ya machozi. Miaka yote nilidhani hana Kiswahili. Kumbe alikuwa nacho, tena kilekile cha Nakuru, wacha na nyanya na vyote, alichokiokota kwangu nikiongea na simu.

Taa zilipowaka, watu walipiga makofi kwa muda mrefu, katibu mmoja wao. Nilimwendea Mwalimu nikamwambia, nusu kwa utani, kwamba kwa kawaida angesahihisha, iwe acha, iwe bibi.

"Kile ni Kiswahili cha baba yake," akasema. "Nani amsahihishe?"

Kisha mama yake mtunzi akaja, ameshikwa mkono na binti yake. Akasema jambo kwa sauti ndogo, na mtunzi akalirudia ili tusikie. Alisema kijana aliyecheza nahodha wa katuni alilikata jina. Alisema Waseya. Na yule bibi akalitamka mwenyewe, polepole, irabu zote mbili ndefu, akimtazama Mwalimu machoni.

Mwalimu alisimama wima. Akalirudia. Bibi akatikisa kichwa, bado. Akalirudia tena. Safari hii bibi aliitikia, akampigapiga mkono.

Nimemwona Mwalimu akipokea shukrani, vyeti, na maua ya wazazi, na vyote hivyo vilimchosha. Siku ile aling'aa. Njia nzima ya kurudi alikuwa akisema, "Amenisahihisha. Umesikia, Baba Neema? Mwenyewe amenisahihisha." Mtunzi alituambia baadaye kwamba yeye na ndugu zake, tangu wazaliwe, hawajawahi kumsikia mama yao akimfundisha mtu neno mbele za watu.

Tulilirudia onyesho lile mahali pengi: kwenye ukumbi wa majengo ya mtaa wa Jane na Finch, maktaba, na hata Thornhill, ambako bibi wa Tanga alipokelewa na wajukuu wa watu wengine kama mwigizaji mkubwa. Katuni yenyewe haikudumu. Baada ya misimu michache haikuendelea, na Kiswahili chake hakikurekodiwa popote, kimebaki kwa waliokisikia. Watoto wamekua. Neema yuko chuo kikuu, na akinipigia simu huanza kwa Kiswahili, halafu Kiingereza, halafu hurudi. Ninapojisifu mbele ya watu, huwa najisifia hilo.

Sisi tulihama Scarborough, tukaenda mashariki zaidi penye nyumba za bei nafuu, na nikawa namwona Mwalimu kwa nadra. Nilisikia amepunguza darasa, kisha nikasikia ameliachia vijana aliowafundisha. Nilidhani amechoka. Magoti yalikuwa yanamsumbua na umri wake ulikuwa umepita sabini.

Majira ya baridi fulani, mwishoni mwa miaka hiyo, nilipewa njia mpya ya mikate iliyopitia kituo kimoja cha jamii katikati ya mji. Nilikuwa nasukuma trei kwenye korido kuelekea jikoni, nikapita mlango wenye kioo. Ndani kulikuwa na darasa la watu wazima, vijana wengi, wenyeji wa asili na wengine wa kila namna. Mbele alisimama kijana wa miaka ishirini na kitu, nywele zimesukwa mkia mmoja, anaandika ubaoni maneno ya Kianishinaabe. Na kwenye kiti cha mbele kabisa, koti vifungo wazi, alikuwa Mwalimu.

Nikasimama na trei zangu. Yule kijana aliuliza swali. Mwalimu akanyoosha mkono, akapewa nafasi, akainuka kwa shida akishikilia meza, kama wanafunzi wa kwetu wanavyojibu kwa mwalimu. Yule kijana akamwonyesha kwa mkono kwamba anaweza kujibu akiwa amekaa. Hakukaa. Akajibu. Aliyefuata kujibu, msichana mwenye pete puani, naye aliinuka, na aliyemfuata huyo naye akainuka, na nikatambua kwamba darasa lile lilikuwa limekwisha kubadilika zamani.

Nilimngoja kwenye korido. Alipotoka nikamwamkia. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Baba Neema. Humu ndani mimi si mwalimu." Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayelinda siri tamu. "Na sijui chochote. Vitenzi vyao ni virefu kama treni. Nimekosa karibu kila kitu leo."

Nikamuuliza kwa nini anajitesa, na kwa umri huu.

Akashangaa swali. "Nimekaa kwenye nyumba ya watu miaka yote hii," akasema, "na najua kusema asante tu."

Nikamwambia nimalize jikoni kisha nimpeleke nyumbani kwa gari. Akakataa, kulikuwa na nusu ya pili ya somo. Yule kijana alikuwa amekwisha kurudi ubaoni. Akamwita kwa jina lake la kuzaliwa, jina ambalo sikuwahi kumsikia mtu mwingine akilitamka, na Mwalimu akaitika haraka kama mtoto. Kupitia kioo nilimwona akipewa swali, akiinuka, akijibu. Kijana akatikisa kichwa kwa upole, akakunja mikono, akangoja. Mwalimu akashikilia meza vizuri, akajaribu tena.